Kuzima si Kulaza

Nyumbani kwetu, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Masaka nchini Uganda, mashine ikigoma watu husema imechoka. Imefanya kazi nyingi mno, husema, iacheni ipumzike. Kwa mtu na kwa shamba maneno hayo ni ya busara. Kwa injini ndogo ya petroli ni kinyume kabisa. Nimeona pampu za maji, jenereta za kukodishwa harusini, hata msumeno wa mnyororo wa jirani yetu, na karibu zote zilizogoma ziligoma baada ya kupumzika, si baada ya kazi. Pikipiki ya bodaboda, ambayo haipumziki hata Jumapili, haijui ugonjwa huu. Mwenyewe hununua lita moja au mbili asubuhi, na jioni zimekwisha. Petroli haipati nafasi ya kuzeeka ndani yake.

Pampu yetu ni ya aina ambayo wengi wanaijua: injini ya mapigo manne, silinda moja ya sentimita za ujazo 163, kamba ya kuvuta, tangi dogo la lita tatu na kidogo juu yake. Muundo huu ulienea kutokana na injini za GX ambazo Honda ilianza kuziuza mwaka 1983, na leo viwanda vingi vya China vinatengeneza zinazofanana nazo, kiasi kwamba vipuri vya hii huingia katika ile. Jjajja, yaani bibi yangu mzaa mama, aliinunua pamoja na mjomba baada ya kuuza ng'ombe. Kazi yake ni moja. Inavuta maji kutoka kisima cha wazi kilichoko bondeni na kuyapandisha hadi kwenye nyanya na kabichi.

Kwetu ukame huja mara mbili kwa mwaka: kuanzia Desemba hadi Februari, kisha Juni hadi Agosti. Katikati yake kuna mvua. Hivyo pampu hufanya kazi nusu ya mwaka, na nusu nyingine hukaa stoo pamoja na mbolea, magunia na kuku wanaotamia. Nataka msomaji aukumbuke mgawanyo huo, kwa sababu balaa lote liko katika nusu ile ya pili, wakati ambapo mvua inanyesha, mboga zinajiotea zenyewe, na hakuna mtu anayeifikiria pampu.

Januari 2022 mambo mawili yalitokea pamoja Uganda. Shule zilifunguliwa tarehe 10 baada ya kufungwa kwa karibu miaka miwili kwa sababu ya korona, na kila mzazi akaanza kutafuta karo. Mwezi huohuo madereva wa malori waligoma mpakani Malaba na Busia wakipinga kupimwa korona kwa lazima na kwa malipo. Petroli yetu hupitia huko. Vituo vikakauka, na kwingine lita moja ikauzwa shilingi 10,000 na zaidi, mara mbili ya bei iliyozoeleka. Huo ulikuwa ukame wa Januari, nyanya zilihitaji maji, na mjomba alinunua petroli popote alipoipata, kwa chupa za maji ya kunywa, akiibeba kama dawa.

Mvua iliponyesha mwanzoni mwa Machi, ndani ya tangi kulikuwa na petroli zaidi ya nusu. Nani angeimwaga? Mjomba alibonyeza swichi nyekundu, injini ikanyamaza, akakaza kifuniko cha tangi kwa nguvu zake zote ili thamani yake isitoke, akaifunika pampu kwa gunia. Simlaumu hata kidogo. Mtu aliyenunua lita kwa bei ya kuku haimwagi, huitunza. Ugumu ni kwamba petroli haitunziki kwa njia hiyo, na ukali wa bei ndio unaotufanya tuiache ndani. Kadiri inavyokuwa ghali ndivyo inavyoharibu mashine nyingi zaidi. Sijaona mahali walipoliandika jambo hili, lakini nimeliona kwa macho yangu.

Julai ya mwaka huohuo nilirudishwa nyumbani kutoka shule ya bweni kwa ajili ya karo. Nyanya zilizotarajiwa kulipa karo hiyo zilikuwa bondeni, zimefikia kimo cha goti, zimeanza kutoa maua, na pampu ilikuwa imekataa kuwaka kwa siku ya tatu. Mjomba alikuwa amevuta kamba hadi kiganja kikatoka malengelenge. Alikuwa amenunua plagi mpya. Alikuwa ameongeza petroli mpya juu ya ile ya Machi. Injini ilikohoa mara moja choki ikiwa imefungwa, ikazimika, kisha ikawa kimya. Sisi wengine tulibeba maji kwa madumu ya lita 20 ya njano, kutoka kisimani hadi juu, asubuhi na jioni. Aliyewahi kumwagilia nyanya kwa dumu anajua kwamba unamaliza mstari wa mwisho wakati wa kwanza umeshakauka.

Siku ya nne tulifunga pampu nyuma ya bodaboda tukaipeleka kwa fundi katika senta ya biashara. Fundi huyu alijifunza kazi Kisumu, na Kiganda chake kilitosha kuombea maji na kutaja bei tu. Mjomba anajua Kiswahili cha sokoni. Mimi nilikuwa nakisoma shuleni na sikuwahi kukitumia kwa jambo lolote la maana, kwa hiyo nikawa mkalimani. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kuona kwamba Kiswahili kina maneno ya vitu vilivyoshikwa na mikono yenye mafuta: koki, choki, jeti, boya, sindano, bakuli la kabureta.

Fundi hakuvuta kamba hata mara moja. Alifungua kifuniko cha tangi, akainamisha pua, akanipa na mimi ninuse. Petroli mpya ina harufu kali inayochoma. Hii ilinuka kama kopo la rangi ya mafuta lililosahaulika wazi. "Imechacha," alisema. Kisha akafungua boliti iliyo chini ya kabureta, bakuli likatoka, na ndani yake kulikuwa na utando wa kahawia unaonata kama asali iliyoungua. Chini kabisa kulikuwa na tone la maji na unga mweupe ambapo maji yale yalikuwa yakiila bati. Alitoa jeti, kitu kidogo cha shaba kisichozidi punje ya maharage, akakielekeza kwenye jua. "Angalia katikati, dada. Unaona mwanga?" Sikuona. Tundu lile, ambalo petroli yote ya injini lazima ipitie, ni jembamba kama sindano ya kushonea nguo, na lilikuwa limezibwa na utomvu.

Nilipofika chuo kikuu nilitafuta kujua utomvu huo hutoka wapi. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, vingine vyepesi na vingine vizito. Vile vyepesi huvukia upesi, na hivyo ndivyo vinavyoifanya injini baridi iwake. Tangi limetengenezwa likiwa na tundu dogo la kupitisha hewa kwenye kifuniko, maana bila hewa petroli isingeshuka, kwa hiyo hata ukikaza kifuniko namna gani, vile vyepesi hutoroka kila siku. Vinavyobaki hukutana na oksijeni na taratibu hugeuka kuwa gundi. Joto huharakisha kazi hiyo, na shaba iliyoko ndani ya kabureta huisaidia. Katika tangi la lita tatu mabadiliko huenda polepole, lakini ndani ya bakuli la kabureta mna petroli kidogo sana, vijiko vichache tu, na kiasi kidogo huchacha mapema. Ndiyo maana mtu anaweza kuangalia tangini akaona petroli inang'aa, kumbe kabureta imeshaziba.

Maji nayo huja bila kualikwa. Usiku tangi hupoa, unyevu wa hewa huganda ndani yake kama jasho kwenye chupa baridi, na kwa kuwa maji ni mazito kuliko petroli, huteremka hadi mahali pa chini kabisa, yaani kwenye bakuli. Hali huwa mbaya zaidi petroli ikiwa imechanganywa na ethanoli, kwa kuwa ethanoli hunywa maji ya hewani na yakizidi hujitenga nayo. Huko Marekani petroli nyingi ina asilimia 10 ya ethanoli, na Uganda nayo ina sheria ya nishati ya mimea ya mwaka 2020, inayosimamia uchanganyaji wa aina hiyo. Kwa hiyo jambo hili halitapungua.

Fundi alizibua jeti kwa uzi mmoja wa shaba aliouchomoa kwenye waya wa umeme. Niliuliza kwa nini hatumii waya wa breki ya baiskeli uliokuwa karibu naye. Alisema chuma ni kigumu kuliko jeti, kitapanua tundu, na injini itakunywa petroli mpaka kufa kwake. Akapuliza kwa pampu ya baiskeli, akaosha bakuli kwa petroli safi, akamwaga ile ya tangini yote, akarudisha kila kitu. Mvuto wa pili, injini ikawaka.

Kisha akamuuliza mjomba: "Mzee, mvua ilipoanza, hii uliizimaje?" Mjomba akaonyesha swichi nyekundu. Fundi akacheka. "Uliizima, hukuilaza. Usipoilaza nyumbani, itakuja kulazwa kwangu." Nilipata taabu kumtafsiria mjomba, kwa sababu katika Kiganda maneno hayo mawili hayachezi pamoja. Katika Kiswahili unamlaza mtoto kitandani, na mgonjwa hulazwa hospitalini, na fundi aliishika lugha kwa ncha zote mbili. Mjomba alipoelewa hakucheka. Alikuwa akihesabu siku.

Siku zilikuwa sita kwa jumla. Maua mengi yalikuwa yameshaanguka, na mche wa nyanya ukishaangusha maua kwa kiu hauyarudishi. Tulivuna kiasi cha kulipia sehemu ya karo, na mimi nilirudi shuleni wiki tatu baada ya wenzangu. Mdogo wangu alisubiri muhula uliofuata. Kilichotugharimu hayo yote hakikuwa pampu mbovu. Kilikuwa vijiko vichache vya petroli.

Tangu hapo nimejifunza jinsi ya kuilaza, kwanza kwa fundi, kisha kwa kitabu cha pampu yenyewe. Kitabu hicho tulikuwa nacho siku zote. Jjajja alikiweka chini ya godoro pamoja na hati ya kiwanja, kama karatasi ya thamani, na ni kweli ilikuwa ya thamani, ila imeandikwa Kiingereza na Jjajja hasomi Kiingereza. Ukurasa wa kuhifadhi injini uko karibu na mwisho, baada ya onyo nyingi, mahali ambapo msomaji ameshachoka. Vitabu vingi vya injini za namna hii hutaja siku 30 kuwa mpaka ambao petroli isiyotiwa dawa haifai kuuvuka ikiwa ndani ya injini. Mvua yetu inadumu miezi mitatu.

Kazi yenyewe haichukui nusu saa. Siku ya mwisho ya kumwagilia, usiguse swichi. Funga koki ya petroli, ile iliyo kati ya tangi na kabureta, uiache injini iendelee hadi imalize yenyewe kilicho ndani ya bakuli. Itachukua dakika chache. Ikianza kuyumba, vuta choki ili inywe matone ya mwisho. Hapa pana mtego ambao kitabu kinautaja kwa sentensi moja tu na watu wengi huuangukia: wakati huo pampu lazima iwe bado na maji. Wengine huanza kwa kung'oa mipira kisimani ili kuokoa muda, halafu wanaiacha injini izunguke kavu. Sili iliyo kati ya pampu na injini hupozwa na maji yanayopita. Yakikosekana inaungua, na maji yataanza kuvuja, nawe utakuwa umeponya kabureta na kuua pampu.

Injini ikishazimika yenyewe, bakuli bado halijakauka. Jeti haifiki chini kabisa, kwa hiyo hubaki petroli kidogo ambayo injini haiwezi kuivuta, na hiyo kidogo ndiyo mbaya kuliko yote. Chini ya bakuli kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Ilegeze, weka kopo, iache idondoke mpaka mwisho, kisha ikaze. Petroli ya tangini nayo itolewe. Siku hizi hatuimwagi. Kijana wa bodaboda huja na chupa yake, tunaichuja kwa kitambaa na kumuuzia kwa bei ya kituo ukiondoa shilingi mia chache, na kabla ya jua kuzama imeshatumika. Tangu tulipopata njia hiyo, ule uchungu wa kumwaga fedha chini umekwisha. Nadhani hili ndilo lililomshawishi mjomba kuliko maelezo yangu yote kuhusu oksijeni.

Sipendi petroli ibaki nyumbani hata kama tangi la pampu ni tupu. Wako wanaoihifadhi ndani ya madumu yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia, kando ya mahali pa kulala, na jikoni moto wa kuni hauko mbali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, huenda kuutafuta moto wenyewe. Kwa sababu hiyohiyo kazi yote ya kuitoa tunaifanya nje, injini ikiwa imepoa, na hakuna anayepika wakati huo. Jjajja hata sigara ya mgeni haitaki uani siku hiyo.

Baada ya petroli kuna mambo madogo. Tunabadilisha mafuta ya injini, yasiyofikia hata lita moja, kwa kuwa yale yaliyotumika yamebeba asidi na unyevu wa moshi, na miezi mitatu ni muda wa kutosha kwa asidi kulamba vyuma. Tunafungua plagi, tunamimina kijiko kimoja au viwili vya chai vya mafuta safi ndani ya silinda, tunavuta kamba polepole mara kadhaa ili yasambae, na tunairudisha plagi. Mwisho kabisa tunaivuta kamba taratibu mpaka mkono uhisi ugumu, na hapo tunaiacha. Ugumu huo maana yake ni kwamba vali zote mbili zimefunga na hewa yenye unyevu haiwezi kuingia. Mimi nalipenda sana jambo hili la mwisho, ingawa siwezi kueleza sababu. Ni kama kufunga mlango bila kuuona. Mdomo wa bomba la moshi tunauziba kwa kitambaa, kwa sababu nyigu wa kwetu wakiona tundu hujenga nyumba ya udongo humo. Maji yaliyobaki ndani ya pampu humwagwa. Mipira ya maji hutundikwa juu, isiliwe na panya.

Ukisoma maelekezo ya watu wa nchi za baridi, utakuta mengi yanasisitiza njia tofauti: jaza tangi hadi juu, tia dawa ya kuzuia petroli isichache, endesha injini kama dakika kumi ili dawa ifike kwenye kabureta, kisha zima. Wao hulaza mashine za kukatia nyasi wakati wa theluji, kwenye banda lenye baridi. Njia hiyo ina mantiki, kwa kuwa tangi lililojaa halina nafasi ya hewa na halipati kutu. Lakini dawa hiyo lazima itiwe kwenye petroli mpya, haifufui iliyochacha, na katika maduka ya senta yetu sijawahi kuiona. Na sisi hulaza mashine wakati wa mvua na joto, msimu ambao unyevu ni mwingi. Ushauri ulioandikwa kwa ajili ya theluji ukiuleta Masaka bila kuupima, utaupata nusu.

Lililonisumbua zaidi halikuwa la kiufundi. Katika nyumba yetu aliye karibu na pampu mwaka mzima ni Jjajja. Mjomba hufanya kazi Kampala na huja mwisho wa wiki, mara nyingine mwisho wa mwezi. Sisi wajukuu tuko shuleni. Mvua haingoji Jumamosi. Hata hivyo mashine ilikuwa "ya wanaume", na Jjajja, aliyeilipia kwa ng'ombe wake, hakuwa ameigusa ila kuifunika gunia. Nilipomaliza kidato cha sita nilikaa nyumbani miezi kadhaa, nikamwonyesha. Koki ni hii. Skrubu ni ile. Alikuwa na vidole vyepesi kuliko vya mjomba, vidole vya kusuka mikeka, na skrubu ile ndogo ilimtii mara moja.

Nilitafsiri ukurasa ule wa kitabu kwa Kiganda, kwa ajili yake, na kwa Kiswahili, kwa sababu nilitaka nione kama ninaweza. Kiswahili kilikuwa rahisi zaidi, na nilijua kwa nini: maneno yote nilikuwa nimeyapata kwa fundi. Jjajja hakukipenda Kiswahili. Watu wa umri wake katika Buganda walikijua kwa midomo ya askari, na mtu akikisemesha usiku mlangoni haikuwa habari njema. Serikali yetu imekifanya lugha rasmi, na baraza la mawaziri mwaka 2022 liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini uamuzi huo haukumfikia Jjajja uani kwake. Kilichomfikia ni neno moja. Siku hizi mvua ikianza hunipigia simu chuoni, huzungumza Kiganda mwanzo hadi mwisho, na katikati huingiza neno la fundi: pampu ameshai-laza, au hajai-laza, kijana wa bodaboda hajaja. Hulitamka kwa lafudhi yake, na "l" yake husikika nusu "r".

Pampu imewaka kila Juni na kila Desemba tangu wakati huo, kwa mvuto wa pili au wa tatu, baada ya kutiwa petroli mpya na kitambaa kutolewa kwenye bomba la moshi. Nasema hivyo kwa tahadhari, kwa kuwa injini haisomi insha.

Mjomba bado hakubaliani na mimi kuhusu tangi. Anasema tangi la bati likikaa tupu miezi mitatu ya mvua litaota kutu, na kutu itashuka kwenye kabureta kama utomvu ulivyoshuka. Hoja yake si ya kupuuzwa, maana ndiyo hoja ileile ya watu wa theluji. Fundi alipoulizwa alipendekeza kumimina mafuta kidogo ya injini ndani ya tangi tupu na kulizungusha ili yalipake ukuta wote, kisha kulisuuza kwa petroli kidogo siku ya kuamka. Jjajja anaona huo ni uchafu unaoongezwa juu ya uchafu. Mvua iliyopita tulipaka mafuta. Mjomba ametuomba tusiweke petroli mpaka yeye mwenyewe aje na tochi ya simu, alimulike ndani, aone kama kuna wekundu.